Upepo Katika Breki: Historia Mbili Ndani ya Lori Moja

Neno "upepo" katika gereji zetu lina kazi mbili zinazopingana. Fundi aliyebadilisha masta silinda au mipira ya breki husema sasa anatoa upepo, maana ukibaki ndani breki haishiki. Kando yake limeegeshwa trela la kutoka Mombasa kwenda Kigali, nalo husemwa lina breki za upepo, na dereva wake huogopa upepo ukipungua. Ninadai kwamba mgongano huu si wa lugha tu. Umetokana na historia mbili, ya gari dogo na ya treni, zilizokuja kukutana katika lori.

Magari ya mwanzo yalisimamishwa kwa vyuma na kebo. Kebo moja ikilegea kuliko mwenzake, gari lilivutwa upande. Mmarekani Malcolm Loughead alibuni breki za mafuta, na mwaka 1921 gari la Duesenberg Model A lilitoka nazo kwenye magurudumu yote manne. Chrysler ikafuata mwaka 1924, ikiwa imeondoa vizibo vya ngozi vilivyokuwa vikivuja na kuweka vya mpira. Kanuni yenyewe ilikuwa ya zamani, ya Mfaransa Pascal wa karne ya 17: kimiminika kilichofungiwa hakibonyei, kwa hiyo msukumo wa mguu mmoja hufika kila gurudumu kwa shinikizo lile lile.

Upepo, kinyume chake, hubonyea. Mfumo ukifunguliwa ili kubadilisha kifaa, upepo huingia, na pedali huzama bila gari kusimama. Ndiyo maana mmoja hukaa ndani akikanyaga, mwingine yuko chini akifungua nipo na kuifunga kabla pedali haijaachiwa, mpaka mafuta yatoke bila mapovu. Kwa kawaida huanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, na kopo la mafuta haliachwi likauke, la sivyo kazi inaanza upya. Ubaya wa hitilafu hii ni ukimya wake: gari lenye upepo ndani huwaka na kuondoka vizuri kabisa.

Treni ilipita njia nyingine. Mwaka 1869 George Westinghouse wa Marekani alipata hataza ya breki iliyosukumwa na upepo kutoka kwenye injini, kupitia bomba lililopita chini ya mabehewa. Bomba likikatika, mabehewa ya nyuma hayakuwa na breki. Mwaka 1872 akaugeuza mfumo wake juu chini: kila behewa likapewa tangi lake, bomba likakaa limejaa wakati wote, na kupungua kwa upepo ndiko kukawa amri ya kufunga breki. Kwangu mimi huu ndio uvumbuzi wenyewe. Ule wa kwanza ulikuwa bomba tu.

Bei ya kuuchelewesha ilionekana Armagh, nchini Ireland, tarehe 12 Juni 1889. Treni iliyojaa watu waliokwenda matembezi ya shule ya Jumapili ilishindwa kupanda mlima, wafanyakazi wakaamua kuigawa. Breki zake zilitumia ombwe, lakini za aina isiyojifunga zenyewe. Mpira ulipotenganishwa, mabehewa ya nyuma yalibaki yakishikiliwa na breki ya mkono na mawe machache chini ya magurudumu. Sehemu ya mbele ilipojaribu kuondoka ilirudi nyuma kidogo ikayagusa. Yakateremka, yakagonga treni iliyokuwa ikifuata. Watu wapatao 80 walikufa, watoto wakiwemo. Mwaka huo huo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kulazimisha breki zinazojifunga zenyewe kwenye treni za abiria.

Lori kubwa lilirithi upande huu. Katika miaka ya 1920 kampuni ya Knorr-Bremse ya Ujerumani, iliyojulikana kwa breki za treni, ilianza kutengeneza breki za upepo za malori. Katika malori makubwa ya leo springi nzito ndizo zinazofunga breki ya kuegesha, na upepo huzizuia. Upepo ukiisha, lori hukwama hapo hapo. Anayetumwa kufungua matangi hamwagi upepo mbaya. Anamwaga maji yaliyojikusanya.

Tatizo liko katikati. Malori mengi madogo hutumia mafuta peke yake, na mengine huchanganya: upepo husukuma mafuta. Anayesikia "breki za upepo" akadhani hapana haja ya kutoa upepo anaweza kuliteremsha gari la namna hiyo mlimani Kabale likiwa na pedali laini. Hata kwenye trela, mara nyingi krachi husukumwa na mafuta yakisaidiwa na upepo. Fundi aliyebadilisha masta silinda ya krachi hutoa upepo kwenye mrija huo, kisha husubiri injini iujaze kwenye matangi ndipo lori liweze kusogea.