Mji wa Munich na Mfumo wa Kompyuta Zake

Katika mwaka wa 2003 Baraza la Mji wa Munich, mji wa tatu kwa ukubwa katika Ujerumani, lilikuwa na shauri zito mbele yake. Shauri lenyewe halikuhusu barabara, wala shule, wala maji, mambo ambayo mabaraza ya miji yamezoea kuyajadili tangu zamani. Lilihusu kompyuta za makarani. Mji ulikuwa na kompyuta zipatazo 14,000, nazo ziliendeshwa na mfumo uitwao Windows NT 4.0, uliotolewa na kampuni ya Microsoft ya Marekani mwaka wa 1996. Sasa kampuni hiyo ilikuwa imetangaza kwamba muda si mrefu itaacha kuutunza mfumo ule. Basi mji ulitakiwa uchague: ama ukae na mfumo mkongwe, ama ununue mpya wa kampuni ile ile, ama ufuate njia nyingine kabisa.

Kabla hatujaendelea, yafaa tufahamu mfumo endeshi ni kitu gani, maana wengi huutumia kila siku wasijue kazi yake. Kompyuta isiyo na mfumo ni sanduku la chuma na nyaya tu. Mfumo ndio uiamshao mashine asubuhi, ndio upokeao kila herufi aibonyezayo karani, ndio uamuao ni kazi ipi itangulie na ni barua ipi iwekwe mahali gani. Programu nyingine zote, ya kuandikia, ya hesabu, ya picha, husimama juu yake kama nyumba isimamavyo juu ya msingi. Kwa hiyo mtu abadilishapo mfumo hajabadilisha kitu kimoja. Huenda programu aliyoizoea isikubali kukaa juu ya msingi mpya. Huenda mashine yenyewe ikawa dhaifu mno kuuchukua. Na mitambo ya kuchapia, iliyokuwa ikitii jana, ikakataa leo.

Tena mfumo si kama jembe, ambalo ukiisha kulinunua ni lako hata lichakae. Hakuna mfumo uliopata kuandikwa bila kasoro, na wako watu waovu ambao kazi yao ni kuzitafuta kasoro hizo ili wapenye. Mwenye kuutengeneza mfumo hutoa viraka vya kuziba nyufa kila zinapoonekana. Siku aachapo kutoa viraka, kompyuta haizimiki. Huendelea kufanya kazi vile vile, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa mwenyewe haoni badiliko lolote. Katika Agosti 2003, mnyoo wa kompyuta ulioitwa Blaster uliingia katika mashine nyingi sana duniani kwa kupitia ufa ambao kiraka chake kilikuwa kimekwisha kutolewa mwezi wa Julai. Walioumia ni wale ambao hawakukitia.

Kwa sababu hiyo njia ya kwanza, yaani kukaa na mfumo mkongwe, haikuwa njia ya kudumu. Mji huweka habari za vizazi na vifo, za kodi, za leseni na za ardhi. Kuziacha habari kama hizo katika mashine zisizotunzwa ni sawa na kuliacha jumba la kumbukumbu bila bawabu.

Njia ya pili ilikuwa kununua Windows XP, iliyotolewa mwaka wa 2001, pamoja na programu zake mpya za kuandikia. Njia ya tatu ilikuwa Linux. Mfumo huu ulianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki katika Finland. Torvalds aliyaweka maandishi ya mfumo wake wazi, kila mtu ayasome, ayanakili na kuyarekebisha, na maelfu ya mafundi wa nchi mbalimbali wakajiunga naye. Hakuna kampuni iwezayo kusema kuwa Linux ni mali yake peke yake, wala hakuna iwezayo kuweka siku ya kuuzika mfumo huo.

Baraza lilitaka shauri la wataalamu. Kampuni ya washauri iitwayo Unilog ikazipima njia hizo, na matokeo yake hayakuwarahisishia wajumbe kazi. Kwa hesabu ya fedha, kuendelea na Microsoft kulionekana kuwa nafuu. Kwa hesabu ya manufaa ya siku nyingi, hasa uhuru wa mji kujiamulia mambo yake, Linux ilitangulia. Habari zikaenea. Katika Machi 2003 Steve Ballmer, aliyekuwa mkuu wa Microsoft wakati huo, aliikatiza likizo yake katika milima ya Uswisi akaenda Munich kuonana na Meya Christian Ude. Magazeti yaliandika kwamba bei ya Microsoft, iliyoanzia zaidi ya dola milioni 36, ilishushwa hadi chini ya milioni 24. Ude mwenyewe alisimulia baadaye kwamba Bill Gates naye alimwuliza kwa nini mji unataka kufanya jambo hili, naye akamjibu kwamba unataka usiwe chini ya mtu.

Tarehe 28 Mei 2003 Baraza lilipiga kura, na Linux ikashinda, ingawa haikuwa na bei ya chini. Wengi walistaajabu. Mimi sioni ajabu kubwa hapo. Mnunuzi ashushiwaye bei kwa mamilioni ya dola kwa sababu tu amesema atakwenda duka jingine, ana haki ya kujiuliza alikuwa akilipa nini siku zote alipokuwa hana duka jingine la kwenda. Hoja ya wajumbe ilikuwa hii: wamelazimishwa kuuacha mfumo wa 1996, si kwa sababu umewashinda makarani, bali kwa sababu mwuzaji amepanga hivyo, wakinunua mpya, siku itafika watakapolazimishwa tena. Na ni kweli kwamba Windows XP nayo iliwekewa siku yake ya mwisho, ikawa tarehe 8 Aprili 2014. Serikali ya Uingereza, ambayo wakati huo ilikuwa bado na kompyuta nyingi za XP, ililipa zaidi ya pauni milioni 5 ili kupata matunzo ya mwaka mmoja zaidi.

Lakini kupiga kura ni kazi ya alasiri moja. Kazi ya kuhamia Linux, ambayo Wajerumani waliipa jina la LiMux, ilichukua miaka kumi. Katika Agosti 2004 ilisimamishwa kwa muda, kwa kuwa ilihofiwa kwamba sheria za hataza zilizokuwa zikijadiliwa Ulaya zingeweza kuuingiza mji katika kesi. Kompyuta za kwanza zilihamishwa katika mwaka wa 2006. Kufikia mwisho wa 2008, miaka zaidi ya mitano tangu kura ile, ni kompyuta 1,200 tu zilizokuwa zimehama. Waliokuwa wakiupinga mpango walicheka.

Kilichowachelewesha ni nini? Hapa ndipo penye somo la historia hii, na si katika ziara za matajiri. Mafundi walipoanza kuzikagua ofisi waligundua kwamba mji haukuwa na mfumo mmoja wa kubadilishwa, bali mingi. Idara zaidi ya ishirini zilikuwa na mafundi wao wenyewe, desturi zao wenyewe, na programu walizozinunua au kuzitunga bila kuulizana. Zilikuwako fomu na vielelezo vya barua kwa maelfu, na vingi vilikuwa na maagizo madogo yaliyofichwa ndani, yaliyoandikwa zamani na karani fulani ili kujipunguzia kazi, na yaliyofahamika kwa programu ya Microsoft peke yake. Pengine karani huyo alikuwa amekwisha kustaafu, wala hakuna aliyejua maagizo yale yanafanya nini, ila ilijulikana tu kwamba yakiondolewa barua haitoki. Mwalimu yeyote aliyepata kurithi daftari la mwenziwe ataelewa.

Ilibidi kwanza kuvikusanya vitu hivyo, kuvichambua, kutupa visivyofaa na kuvitengeneza upya vilivyosalia. Mafundi wa mji walitunga programu yao wenyewe ya kusimamia fomu na barua, wakaiita WollMux, kisha katika 2008 wakaitoa bure kwa yeyote aitakaye. Makarani walifundishwa. Baadhi ya idara zilikuwa na programu za kazi maalumu zisizokubali Linux hata kidogo, basi mashine hizo zikaachwa katika Windows; tangu mwanzo hadi mwisho mji haukupata kuwa na mfumo mmoja peke yake.

Nitoke kidogo nje ya njia. Matoleo ya baadaye ya LiMux yalijengwa juu ya Ubuntu, mfumo wa jamii ya Linux ulioanzishwa mwaka wa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo ni la lugha za Kizulu na Kixhosa, na msomaji wa Kiswahili hahitaji mfasiri wa kumwambia kuwa ni ndugu wa neno letu utu. Hivyo kwa miaka kadhaa makarani wa Bavaria walitoza kodi na kuandikisha harusi kwa msaada wa mfumo wenye jina la Kibantu.

Mwendo uliongezeka baada ya 2010. Mwishoni mwa 2012 kompyuta zaidi ya 11,000 zilikuwa zimehamishwa, na mwaka wa 2013 mji ulitangaza kwamba kazi imekwisha, kompyuta karibu 15,000 zikiwa katika LiMux. Baraza lilitoa hesabu: LiMux ilikuwa imegharimu euro zipatazo milioni 23, na Windows ingaligharimu zaidi ya milioni 34. Microsoft haikuyakubali hayo. Utafiti uliofanywa na kampuni ya HP kwa kuagizwa na Microsoft ulisema kinyume, kwamba Linux ndiyo iliyokuwa ghali. Hesabu za namna hii hutegemea sana ni nini kinachohesabiwa. Je, mshahara wa fundi aliyezichambua fomu zile uwekwe katika gharama ya Linux, au fomu zile zilikuwa lazima zichambuliwe siku moja kwa vyovyote? Anayetaka jibu fulani hapati taabu kulifikia.

Katika 2014 Ude aliondoka, akafuatwa na Dieter Reiter, wa chama kile kile cha SPD, ambaye hakuificha chuki yake juu ya LiMux. Wako wafanyakazi walionung'unika pia: kompyuta hugoma, hati zitokazo nje ya mji hupotoka zikifunguliwa, barua za umeme hazisomeki vizuri katika simu. Mwaka wa 2016 Microsoft ilihamisha makao yake makuu ya Ujerumani kutoka mji mdogo wa jirani ikayaleta ndani ya Munich. Wapo waliolitazama jambo hilo kwa jicho la shaka. Mimi sitaki kumhukumu mtu kwa sababu ya jirani yake. Lililo muhimu zaidi ni ripoti ya washauri wa kampuni ya Accenture iliyotolewa mwaka huo huo. Ilisema kwamba taabu nyingi za mji zilitokana na jinsi kazi ya kompyuta ilivyogawanywa kati ya idara, hata kiraka kimoja kilichukua muda mrefu mno kuzifikia ofisi zote. Yaani ugonjwa ule ule ulioonekana mwanzoni ulikuwa haujapona.

Ungalidhani kwamba baada ya kuisoma ripoti hiyo Baraza lingaliutibu kwanza mgawanyo huo wa kazi, ndipo litazame kama mfumo wenyewe una kosa. Wajumbe wengine walisema hivyo hasa, wakashindwa. Tarehe 23 Novemba 2017 wengi waliamua kurudi katika Windows, toleo la 10, kwa gharama iliyokadiriwa kuwa karibu euro milioni 50, na kazi iwe imekwisha mwaka wa 2020. Uamuzi huu naona haukupimwa vema kama ule wa 2003. Wajumbe wa kwanza walijua wanalipa kwa ajili ya nini, hata kama hawakujua watalipa kwa muda gani. Hawa wa pili walinunua dawa ya mguu kwa maumivu ya mkono, ingawa ni haki kusema kwamba karani ambaye mashine yake imekwama hana haja na falsafa ya uhuru. Anataka amalize barua yake aende nyumbani.

Mambo hayakutulia hapo. Katika Mei 2020, baada ya uchaguzi mwingine, vyama vya Kijani na SPD viliandika katika mkataba wao wa kuuongoza mji kwamba, pale inapowezekana kwa ufundi na kwa fedha, programu zinazotungwa kwa fedha za umma ziwe wazi kwa umma. Reiter alikuwa bado ndiye Meya. Na ile Windows 10, ambayo mji uliamua kuirudia, iliwekewa na Microsoft siku yake ya mwisho ya matunzo ya kawaida: tarehe 14 Oktoba 2025.