Kidole Tumbo

Kidole tumbo ni kifuko chembamba kilichoshikana na mwanzo wa utumbo mpana, chini kulia. Kikiziba huvimba, na dalili zake hudanganya: maumivu huanzia kitovuni, hafifu, hata mtu akadhani ni gesi. Baada ya saa kadhaa huhamia chini kulia na kuzidi. Hamu ya kula hupotea, kichefuchefu hufuata, homa hupanda kidogo.

Mwaka 1889 Charles McBurney, daktari wa New York, alieleza mahali penye uchungu mkali zaidi: theluthi ya njia kutoka ncha ya mfupa wa nyonga kuelekea kitovuni. Mgonjwa akikohoa, au gari likiruka tuta, hapo ndipo anaposhika.

Watoto wadogo, wazee na wajawazito huenda wasioneshe mpangilio huo wa dalili. Dawa ya kuendesha isitumike kabisa. Maumivu yakitulia ghafla si nafuu ya kuaminiwa, maana huenda kifuko kimepasuka na usaha unasambaa. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Mfalme Edward VII wa Uingereza alipasuliwa jipu lililotokana na kidole tumbo Juni 24, 1902, siku mbili kabla ya tarehe iliyopangwa ya kutawazwa. Sherehe ikaahirishwa, akavishwa taji Agosti 9.