Kirangozi Hakuandikwa: Kwa Reli ya Kati Kutoka Pwani Hadi Ujiji

Jamaa zangu mlio Maskati, Dubai, London na kwingineko, wengi wenu mmeniuliza tangu niliporejea: mzee wa umri huu alikwenda kutafuta nini bara? Nilijibu wakati ule kwa maneno mafupi, kwamba nilikwenda kumwonesha mjukuu wangu mji niliozaliwa. Jawabu hilo ni la kweli, lakini halikutimia. Leo napenda kulitimiza.

Safari yetu ilikuwa ya siku kumi. Ilipangwa na wakala, tukiwa kundi la watu kumi na wanne, pamoja na kiongozi wa kututembeza, kijana Mnyamwezi mzaliwa wa Tabora. Njia yenyewe ni Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, Tabora, Kigoma na Ujiji, takriban kilomita 1,250 za reli. Ukiiweka njia hiyo juu ya ramani ya zamani, utaona kwamba kwa sehemu kubwa inaandamana na njia ya misafara ambayo wazee wetu waliiita, kwa neno moja tu, "kupanda bara".

Siku ya kwanza tulikwenda Bagamoyo kwa gari, kwa kuwa reli haipiti huko. Katika karne ya 19 mji huu, unaotazamana na Unguja, ndio uliokuwa mlango mkuu wa misafara. Hapo majahazi yalishusha merikani, kaniki, shanga na baruti. Na kutoka bara zikateremka pembe za ndovu na, tusifiche, watu waliotekwa. Mwendo wa kutoka pwani hadi Tabora ulichukua kiasi cha miezi mitatu, na wasiojaliwa waliuchukua kwa mingi zaidi. Mpagazi mmoja alibeba kiasi cha frasila mbili, yaani kama kilo 32, kichwani au begani, mbali na jungu lake na mkeka wake.

Mbele ya msafara alitangulia kirangozi. Yeye ndiye aliyeijua njia: maji yako wapi, kijiji gani kina chakula, mtemi gani hupitiki kwake bila zawadi. Alishika bendera, akavaa vazi la kujipambanua na wenziwe, na wapagazi wakaandama ngoma yake. Mara nyingi alikuwa Mnyamwezi. Mwenye mali alikuwa nyuma, na jina la safari likawa lake. Kiongozi wetu alipotueleza haya, alivua kofia yake yenye nembo ya wakala akasema kwa utani, "Basi mimi ndiye kirangozi wenu, ila bendera yangu ni simu." Tulicheka, na tangu hapo hatukumwita kwa jina jingine.

Reli iliyomaliza kazi ya misafara ilijengwa na Wajerumani. Kazi ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914, miezi michache kabla ya vita vikuu. Safari ya miezi ikawa ya siku. Bagamoyo, iliyoachwa kando, ikapoa. Na Dar es Salaam ikaota mabawa. Babu yangu mzaa baba alikuwa katika watu wa mwisho kupanda bara kwa miguu. Alitoka Sharqiya akiwa kijana, akaingia Tabora kabla reli haijafika, na gari la moshi lilipofika akafungua duka karibu na stesheni. Wamanga wengi walifanya hivyo: palipokuwa na stesheni palikuwa na duka, na penye duka palikuwa na mmoja wetu.

Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma tulipanda treni mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024. Milima ya Uluguru ilitokea upande wa kushoto ikiwa imejitanda mawingu, na baada ya Morogoro treni ikaingia katika mahandaki, mjukuu wangu akawa anayahesabu. Reli kongwe hupita chini zaidi, ikifuata bonde la mto Mkondoa penye njia ya misafara, na mto huo umeing'oa mara nyingi wakati wa mafuriko.

Dodoma ni Ugogo. Nchi hii ni kavu, na aliyekuwa na kisima alikuwa na nguvu. Hapa misafara ilitozwa hongo. Siku hizi neno hilo lina maana ya rushwa, lakini wakati ule lilikuwa ushuru wa wazi: vitambaa kadhaa kwa mtemi, ndipo msafara uruhusiwe kuteka maji na kupita. Waandishi wageni walilalamika sana juu ya hongo. Sijaona kwa nini mwenye nchi asidai ada ya njia yake, ilhali sisi sote leo tunagonga muhuri wa viza na kulipa.

Dodoma tulihamia katika treni ya zamani, ya reli nyembamba, yenye mabehewa ya kulala. Tulivuka tambarare ya Bahi, kisha Saranda treni ikaanza kuukwea ukuta wa Bonde la Ufa kwa mwendo wa mzee mwenye fimbo. Juu yake ni Manyoni na vichaka vya Itigi, msitu mfupi uliosongamana hata mtu hawezi kuona hatua kumi mbele. Nilifikiri juu ya wapagazi waliopita nchi hiyo na mizigo vichwani.

Tabora tuliteremka asubuhi. Harufu ya asali na maembe ilikuwa ile ile.

Mji huu waandishi wa zamani waliuita Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe. Burton na Speke walifika Novemba 1857 wakapokewa kwa ukarimu na Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiharthi. Waarabu hawakukaa hapo kwa nguvu zao peke yao. Walikaa kwa mapatano na watemi, na mapatano yalifungwa kwa ndoa. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyeitwa Tippu Tip, ameeleza katika kitabu cha maisha yake kwamba babake alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Mapatano yalipovunjika, ilikuwa vita: Mirambo alipigana na Waarabu wa Tabora kuanzia 1871, na akaifunga njia ya Ujiji. Mwaka 1893 mtemi Isike, alipozingirwa na Wajerumani, aliona bora kujilipua ndani ya boma lake kuliko kushikwa. Na mwaka 1916 Wajerumani nao, wakiwa wamebanwa na vita, walifua sarafu za dhahabu zenye picha ya tembo katika karakana ya reli ya mji huo huo, kabla Wabelgiji hawajauteka.

Alasiri, chini ya miembe karibu na tembe la Kwihara alikokaa Livingstone, nilimsimulia mjukuu wangu habari za babu. Kirangozi alikuwa akisikiliza. Nilipomaliza alisema kwa adabu, "Mzee, shikamoo tena. Wazee wako walipanda bara. Wazee wangu walibeba. Katika daftari la babu yako, wameandikwa?"

Daftari lile mnalijua. Lipo nyumbani kwangu. Babu aliandika kwa Kiarabu kizuri bei ya nta, idadi ya majora na madeni ya wateja. Wapagazi ameandika idadi yao tu. Na katika shajara yetu, tuliyoirithi na kuinakili mara tatu, ukoo wa Oman umepangwa baba kwa baba hadi vizazi tisa. Lakini mbele ya majina ya baba yangu na ndugu zake pameandikwa: "mama yao ni wa bara". Basi. Bibi yangu Mnyamwezi, aliyezaa watoto sita, aliyekaa dukani babu alipougua, aliyetulea kwa lugha yake na yetu, hana jina.

Nilikuwa karani zaidi ya miaka thelathini, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna jina linaloachwa katika orodha. Niliona haya mbele ya yule kijana.

Jioni ile alinipeleka kwa jamaa ya bibi, si mbali na mji. Nilimkuta bikizee mmoja aliyemkumbuka. Alinipa jina la bibi, na la mamake, na la mamake mamake. Nimeyaandika katika shajara ya nyumbani. Hapa siyataji, kwa kuwa wenyewe hawajanipa idhini.

Kutoka Tabora reli inashuka magharibi. Uvinza kuna chemchemi za maji ya chumvi ambazo watu wamezichemsha tangu zamani mno, kabla ya sisi kufika pwani. Mto Malagarasi, uliopitia vinamasi vipana vyenye ndege wasiohesabika, unaandamana na njia. Kisha Kigoma, na Ziwa Tanganyika lenye kina kisichopungua mita 1,400, bluu kama bahari ya Muttrah. Ile meli kongwe Liemba ililetwa vipande vipande ndani ya masanduku kwa reli hii hii, ikaundwa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaopolewa na Waingereza 1924. Vijana wetu walivuka kwenda Gombe kuwatazama sokwe. Mimi nilikwenda Ujiji, ambako miembe bado inatia kivuli mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Hapo mnara ni wa wageni wawili. Lakini aliyekuwa na Stanley ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekwisha kuwafikisha ziwani Burton na Speke. Na walioibeba maiti ya Livingstone hadi Bagamoyo mwaka 1874 ni Susi, Chuma na wenzao.

Najua mzee mmoja wetu hakupendezwa niliposema haya, akanambia shajara ni ya baba, na mambo ya utumwa yasifukuliwe. Namheshimu, lakini sikukubaliana naye. Wapo wanaosema kila mpagazi alikuwa mtumwa. Si kweli, wengi walikuwa watu huru wenye ujira na sifa ya kazi yao. Wapo wanaosema wazee wetu hawakuuza watu. Hilo nalo si kweli. Mkataba wa 1873 uliofunga soko la Unguja usingehitajiwa kama soko halikuwapo. Mwenye kuandika historia ya nyumba yake aandike yote mawili.

Basi nawaomba, kila mwenye shajara aifungue, atazame pale palipoandikwa "wa bara", na apige simu kwa wazee walio hai kabla hawajaondoka. Mjukuu wangu amekwisha anza. Katika nakala yake ya shajara ameongeza mstari mmoja upande wa akina mama, kwa wino mweusi ule ule.