Barua ya malalamiko huishia mezani kwa nani?

Mtu aliyegawiwa kiwanja na halmashauri, akakilipia na kupewa risiti, kisha siku moja akakuta mwenzake kamwaga mawe na mchanga juu yake kwa barua ya ofisi ileile, anaijua njia ya kufuata. Ataandika kwa mkurugenzi. Barua itagongwa mhuri wa kupokelewa, itaingia masjala na kufunguliwa faili, na ndani ya faili mkurugenzi ataandika maelekezo ya mstari mmoja: afisa ardhi, shughulikia. Safari imeishia hapo, maana anayelalamikiwa ndiye huyo afisa ardhi. Wahenga walilimaliza jambo hili zamani: kesi ya ngedere, hakimu nyani. Kwa hiyo historia ya vyombo huru vya malalamiko ni historia ya kulitafutia faili hilo meza nyingine. Tumezoea kupima uhuru wa vyombo hivyo kwa kuuliza nani kamteua mwenyekiti. Swali hilo lina uzito wake, lakini ushahidi wa zaidi ya nusu karne, hapa kwetu na kwingineko, unaonyesha kwamba lipo lingine linaloamua zaidi: ripoti ikishaandikwa, inakabidhiwa kwa nani, na nani mwingine ana ruhusa ya kuisoma?

Wazo lenyewe lilianzia Sweden mwaka 1809, likachukua muda mrefu kuvuka mipaka. Denmark ilipata mchunguzi wake mwaka 1955 na New Zealand mwaka 1962. Tanzania haikukawia. Tume ya Rais iliyoongozwa na Rashidi Kawawa, ile iliyopewa kazi mwaka 1964 ya kupendekeza namna ya kuendesha nchi kwa chama kimoja, iliona kuwa bungeni hapatakuwa na upinzani wa kuwahoji watumishi wanaotumia vibaya madaraka. Ikapendekeza kiwepo chombo cha kudumu cha kupokea malalamiko ya wananchi. Katiba ya Muda ya 1965 ikakiweka, na sheria ya 1966 ikakipa taratibu: Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, mwenyekiti wake wa kwanza akiwa Erasto Mang'enya. Uingereza, iliyotutawala hadi 1961, ilianzisha ofisi ya namna hiyo mwaka 1967, tena kwa wizara na idara za serikali kuu tu. Tume ya Tanzania ilikuwa na uwezo wa kuwachunguza pia watu wa serikali za mitaa, wa chama na wa mashirika ya umma.

Katika kumfikia mlalamikaji, Tume ile ilifanya jambo la kusifiwa. Enzi hizo watu wazima wengi hawakujua kusoma wala kuandika, hivyo kungoja barua Dar es Salaam kungekuwa sawa na kuwafungia mlango. Wajumbe walizunguka mikoani, wakaitisha mikutano, wakaeleza kazi yao na kupokea malalamiko kwa mdomo. Haikuhitajika ada wala wakili. Mlango wa kuingilia ulikuwa mpana, ila wa kutokea ulikuwa mmoja. Uchunguzi ulifanywa faragha, na ripoti ya kila shauri ilikwenda kwa Rais, ambaye ndiye aliyeamua la kufanya. Rais alikuwa pia na uwezo wa kuusimamisha uchunguzi. Bunge lilipata taarifa ya mwaka, lakini taarifa hiyo haikuwataja wahusika. Mwananchi wa wilayani aliyeonewa na mtumishi wa halmashauri yake aliweza kushinda shauri bila majirani zake, waliokuwa wakionewa na mtumishi huyohuyo, kupata habari.

Watetezi wa utaratibu ule wana hoja isiyofaa kupuuzwa. Faragha ilimlinda mlalamikaji asilipiziwe kisasi, ikamlinda na mtumishi asichafuliwe jina kwa tuhuma za uongo. Na Rais mwenye nia njema angeweza kurekebisha mambo kwa agizo moja tu. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo, hoja hiyo inatetea faragha wakati wa uchunguzi, haitetei faragha baada ya ukweli kujulikana. Nguvu inayotegemea nia njema ya msomaji mmoja nayo ina kikomo cha msomaji huyo. Kipindi cha Madaraka Mikoani kinalionyesha jambo hili vizuri. Kuanzia 1972 halmashauri zilivunjwa, na huduma za wilaya zikawa chini ya maafisa waliowajibika kwa serikali kuu. Mwananchi alibaki bila diwani wa kumkimbilia, na Tume aliyoikimbilia ilipeleka matokeo kwa mkuu wa serikali ileile. Halmashauri zilirudi kamili mwaka 1984 kwa sheria za 1982, lakini njia ya ripoti haikubadilika.

Linganisha na walivyofanya Waingereza walipozigeukia halmashauri zao. Sheria ya 1974 iliunda tume ya kuchunguza uendeshaji wa serikali za mitaa, nayo ilikuwa kinyume cha yetu karibu kila upande. Mlango wa kuingilia ulikuwa mwembamba, kwa sababu lalamiko lilipaswa kupitia kwa diwani, mtu ambaye huenda aliketi kwenye kamati iliyofanya kosa. Sharti hilo liliondolewa mwaka 1988. Mlango wa kutokea, kinyume chake, ulifunguliwa tangu mwanzo. Halmashauri iliyokutwa na kosa ilitakiwa kutangaza gazetini kuwa ripoti ipo, na kuiacha wazi kwa wiki tatu ili mtu yeyote aje aisome na kuinakili. Tangu sheria ya 1989, halmashauri inayokataa mapendekezo inaweza kutakiwa kuchapisha taarifa kwenye gazeti la eneo lake, kwa gharama yake yenyewe. Mchunguzi hana uwezo wa kuamuru; uwezo wake ni kuhakikisha kwamba mwenye kukataa anakataa hadharani.

Tanzania ilibadili njia mwaka 2001, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilipochukua nafasi ya ile ya zamani, Jaji Robert Kisanga akiwa mwenyekiti wa kwanza. Sheria mpya inaipa mamlaka iliyopokea mapendekezo muda usiozidi miezi mitatu kueleza hatua ilizochukua. Ikishindwa, Tume inaweza kwenda mahakamani. Kipimo kilikuja mapema. Wakazi wa Nyamuma, wilayani Serengeti, waliondolewa kwa nguvu mwaka 2001 na nyumba zao kuchomwa moto. Waliolalamikiwa hawakuwa halmashauri, walikuwa mkuu wa wilaya na polisi, lakini utaratibu ni uleule. Tume ilisikiliza shauri hadharani, ikapendekeza walalamikaji 135 walipwe fidia. Serikali haikukubali, na mgogoro ukaishia kortini.

Wapo wanaosema Nyamuma inathibitisha kwamba vyombo hivi ni mbwa asiye na meno. Lakini nchi nzima ilijua kilichopendekezwa na aliyekataa. Chini ya utaratibu wa 1966 ripoti ile ingelala ofisini kwa Rais. Wengine husema diwani amechaguliwa na wananchi, hivyo anatosha. Kura hupigwa mara moja kwa miaka mitano, nayo humpima diwani kwa barabara na zahanati za kata nzima. Kiwanja cha mjane mmoja hakiwezi kumwangusha. Wengine wataelekeza watu mahakamani, na kwa kosa la kisheria ni sawa. Ila kero nyingi za halmashauri hazivunji sheria yoyote: ni faili lisiloonekana, ni barua isiyojibiwa, ni "njoo wiki ijayo" inayorudiwa mwaka mzima. Kufungua kesi kwa ajili ya hayo ni kuua mbu kwa rungu.

Kasoro iliyobaki iko kwenye njia ileile ya ripoti. Katiba inasema Tume hailazimiki kufuata maagizo ya mtu au idara yoyote, kisha inaongeza kwamba Rais anaweza kuiagiza akiona maslahi ya umma yanahitaji hivyo. Kuliondoa hilo ni kazi ya mabadiliko ya katiba, na huenda ikachukua muda. Lipo dogo linalowezekana kabla ya hapo. Ripoti inayoihusu halmashauri isomwe kwenye kikao cha wazi cha baraza la madiwani, mkurugenzi aijibu papo hapo, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata, pembeni ya karatasi ya mapato na matumizi. Afisa ardhi ataendelea kuandikiwa "shughulikia", lakini atajua kwamba majibu yake yatasomwa na watu waliokuja ofisini kufuata barua ya utambulisho.