Mkopo wa nyumba: bima unayolipia inamlinda nani?

Ukichukua mkopo wa benki kununua nyumba Nyali au kujenga Mtwapa, nyumba yenyewe ndiyo rehani. Benki itataka kuona hati ya bima kabla ya kutoa pesa. Wengi wetu hulipa bila kuisoma, na makosa hujulikana siku ya moto.

Bima ni mbili

Ya kwanza ni ya jengo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inamtaka aliyeweka rehani ahakikishe jengo likiungua kuna pesa za kulitengeneza. Bima ikikatwa, iwe kwa jina lake na la benki, kwa thamani kamili ya jengo.

Ya pili ni ya maisha. Mkopaji akifariki, hiyo ndiyo hulipa deni lililobaki ili warithi wasipoteze nyumba. Moja haifanyi kazi ya nyingine: nyumba ikiungua, deni linaendelea.

Kata bima ya kiasi gani?

Kosa kubwa ni kufuata kiasi cha mkopo badala ya gharama ya kujenga upya. Tuseme kujenga upya ni shilingi milioni 8, mkopo ni milioni 4, nawe ukakata bima ya milioni 4. Moto ukileta hasara ya milioni 2, kampuni itasema umekatia nusu ya thamani, na itakulipa nusu: milioni 1. Kiwanja usikihesabu, ardhi haiungui.

Ya kuangalia Pwani

Hakikisha mafuriko yameandikwa. Bima ya moto peke yake huenda isiyahusu. Paa la makuti litaje hata kama ada itapanda, kwani ukilificha waweza kunyimwa fidia. Nyumba ikikaa tupu muda mrefu kwa kuwa mwenyewe yuko Uarabuni, soma masharti yake. Fanicha, friji na dhahabu si sehemu ya jengo. Vina bima yake.

Anayekwepa riba aulize kuhusu takaful, ambapo washiriki huchangia mfuko mmoja wa kusaidiana.

Kabla ya kutia sahihi

Uliza benki kama waweza kujichagulia kampuni. Dai nakala yako ya hati. Kumbuka bima haianzi kabla ada haijalipwa, na ya jengo huhuishwa kila mwaka. Kampuni ikikuzungusha, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kusimamia Bima, IRA.