Mtihani wa Bahari na Mtoto wa Bara

Ndugu msomaji, wewe uliyekua ukisikia mawimbi, huenda ukacheka ukiambiwa kwamba afisa wa wanamaji aweza kutoka Shinyanga, nchi ya ng'ombe na pamba. Usicheke upesi.

Waingereza wenyewe, hodari wa kujisifu kwa manowari, hapo kale walipeana vyeo vya meli kwa kujuana. Mwaka 1677 Samuel Pepys, katibu wa mambo ya manowari, aliweka sharti kwamba anayetaka uluteni afanye kwanza mtihani. Lakini mlango huo hawakutufungulia sisi. Katika jeshi la majini la Afrika Mashariki, lililokuwa na makao Mombasa mpaka lilipovunjwa mwaka 1962, mabaharia walikuwa watu wetu na maafisa walikuwa Wazungu. Kujua upepo na nyota, elimu waliyorithi kwa baba zao, hakukumpandisha mtu cheo.

Tanzania ilianzisha wanamaji wake mwaka 1971, Kigamboni, kwa msaada wa China. Sasa kijana huulizwa uraia, cheti cha shule, afya na mwenendo, kisha hupitia Jeshi la Kujenga Taifa. Daktari humpima macho, maana usiku meli hujulikana kwa taa nyekundu kushoto na ya kijani kulia. Kuongoza chombo ni hesabu tupu. Hapana anayeuliza babu yako alikuwa na majahazi mangapi!

Kwa hiyo mtoto wa Geita, mwenye Ziwa Viktoria mlangoni pake, ana haki sawa na wa Lamu au Bagamoyo kuifikia bahari. Kinachomzuia ni dhahabu. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000, na katika ukanda huo wachimbaji wadogo nao wana mashimo yao. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilieleza habari za watoto, wengine wa miaka 8 tu, wakichimba na kushika zebaki katika wilaya za Geita na Kahama. Zebaki huharibu mishipa ya fahamu. Mikono hutetemeka, macho hupungua nguvu. Mtoto huyo ameanguka mtihani wa daktari kabla hajauona ule wa hesabu. Na shimo humpa fedha jioni ile ile, ilhali cheti cha kidato cha sita kilitaka miaka 13 ya darasani.

Huku kwetu hakuna zebaki. Kuna ngalawa, na mvulana aliyeacha shule akiwa darasa la tano ili avute nyavu. Huogelea kuwashinda wote, ila bahasha yake ya maombi haina cheti ndani.