Laki

Laki ni namba nzima iliyo sawa na elfu mia moja. Kwa tarakimu huandikwa 100,000 au 10⁵. Hutanguliwa na 99,999 na kufuatwa na 100,001.

Asili ya neno

Neno hili lina asili ya Uhindi. Katika Kisanskriti ni laksha. Majina ya namba za Kiswahili yanaonyesha njia za biashara: mbili na tatu ni za Kibantu, mia na elfu ni za Kiarabu, laki ni ya Kihindi, milioni ni ya Ulaya. Wahindi wenyewe huandika 1,00,000, yaani mkato wa kwanza huwekwa baada ya laki.

Matumizi

Katika njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora (zamani Kazeh, walikofika Burton na Speke mwaka 1857) mali nyingi haikuhesabiwa moja moja. Ushanga ulihesabiwa kwa kete, na kete 10 zilifanya fundo 1. Nguo kwa shuka, na shuka 2 zilifanya doti 1. Hivyo kete laki moja ni fundo 10,000 tu, na shuka laki moja ni doti 50,000.

Siku hizi laki hutajwa zaidi katika fedha. Faida yake ni kupunguza utata. "Elfu mia moja na tano" yaweza kueleweka kuwa 100,005 au 105,000, tofauti ya shilingi 4,995, ambayo si ndogo kwa mrina asali wa Tabora anayeuza madumu machache. "Laki moja na elfu tano" haina utata huo. Lakini "laki moja na tano" bado inao, kwa hiyo katika hati ya mauziano tarakimu ziandikwe pia.

Sifa za kihisabati

Laki ni 2⁵ × 5⁵. Kila kigawanyo chake huundwa kwa 2 na 5 pekee, kila moja ikiwa na kipeo kuanzia 0 hadi 5; kwa hiyo vigawanyo ni 6 × 6 = 36. Jumla yao ni 63 × 3,906 = 246,078.

Kwa kuwa 7 haimo, laki haigawanyiki kwa 35. Frasila ya pembe za ndovu ilikuwa takriban ratili 35. Ratili laki moja zingetoa frasila 2,857 na baki ratili 5.

Laki si mraba kamili, maana 316² ni 99,856 na 317² ni 100,489. Hata hivyo ni jumla ya miraba miwili kwa njia tatu, wala hakuna ya nne:

100² + 300²
180² + 260²
12² + 316²

Mwanafunzi anaweza kuzihakiki kwa kalamu na karatasi.

Chini ya laki kuna namba tasa 9,592. Ya mwisho ni 99,991, na ya kwanza baada ya laki ni 100,003.